Bastola na ala isiyo yake
Mwenye leseni ya bastola, awe Nairobi au Dar es Salaam, huteua rivolva kwa makini, kisha hutafuta ala kana kwamba anatafuta pochi: huibonyeza ngozi, na akiiona laini yenye kung'aa, hulipa. Ulaini huo ndio wa kuogopwa. Rivolva nyingi hazina kufuli la usalama la kufunga kwa kidole gumba, hivyo kinachokinga kifyatulio kisiguswe kiunoni ni ala yenyewe. Ngozi ikilegea, mdomo wake hukunjika. Mkunjo ukiingia penye kifyatulio wakati bastola inarudishwa, ngozi hufanya kazi ya kidole. Ajali za namna hiyo zinajulikana, na mtutu wakati huo unaelekea paja la mwenyewe. Watetezi wa rivolva watasema kifyatulio chake ni kizito. Kweli, nyundo ikiwa chini ni kizito, lakini mtu akiona bastola inagoma kuingia huongeza nguvu, na hapo uzito huo haumfai kitu.

Kwa hiyo cha kuangaliwa kwanza ni umbo. Ngozi ifaayo ni nene, iliyotengenezwa kwa magome ya miti (magome ya mikoko ya Rufiji yaliwahi kusafirishwa ng'ambo kwa kazi hiyo hiyo), kwa kuwa ikiloweshwa na kubanwa juu ya bastola hukauka na umbo lile na kubaki nalo. Hufunika kifyatulio chote, na mdomo hausinyai bastola ikitoka. Ndiyo maana ala ya "saizi zote" hainishawishi. Smith & Wesson ya fremu J huchukua risasi 5 za .38, ya fremu K huchukua 6, na silinda yake ni nene zaidi. Ala inayopokea zote mbili haijashika hata moja.

Wapo wanaosema fundi viatu wa mtaani atashona kwa bei nafuu. Kushona anaweza, anachokosa ni kalibu, na silaha haiachwi mikononi mwa asiye na leseni. Plastiki ngumu hailegezwi na jasho, nakubali, na kwa mkazi wa Tanga au Mombasa hiyo ni hoja nzito. Anayeshikilia ngozi basi akubali na gharama ya kuibadilisha: siku mdomo unapokunjika kwa kusukumwa na kidole kimoja, ala hiyo imekwisha, hata kama mishono ingali mizima.