Shahidi Mwenye Mashamba

Sisi wa isimu tunakipenda kisa hiki. Askofu Richard Davies na mwanazuoni William Salesbury walitoa Agano Jipya kwa Kiwelisi mwaka 1567. Walipogeukia Agano la Kale, wakagombana juu ya maana na asili ya neno moja tu, na kazi ikakwama. Neno moja! Tunakifurahia kwa sababu kinatupa uzito.

Lakini nani alikisimulia? Ni Sir John Wynn wa Gwydir, bwana wa mashamba kaskazini ya Wales, mbunge mwaka 1586, kisha baroneti mwaka 1611, pale Mfalme James alipoanzisha cheo hicho ili kujipatia fedha.

Kazi iliyokwama ilimalizwa na William Morgan, mwana wa mpangaji wa ardhi hiyohiyo ya Gwydir. Biblia yake ilitoka mwaka 1588. Morgan alipokuwa askofu, Wynn alitaka akodishiwe mapato ya parokia ya Llanrwst. Morgan akakataa, akisema dhamiri haimruhusu. Wynn akamkumbusha kwa barua fadhila zote alizomtendea.

Sisemi kwamba Wynn alidanganya juu ya lile neno. Nasema hivi: Agano Jipya lilipotoka alikuwa kijana wa miaka kama 14. Aliandika baadaye sana, akiwa bwana aliyezoea kuwahesabia wasomi fadhila kama kodi ya shamba.

Huku kwetu, habari nyingi za zamani juu ya Kingwana ziliandikwa na wamisionari na maofisa wa koloni. Tunazinakili katika kazi zetu za mwisho wa masomo kana kwamba hazina mwenyewe. Tunaandika jina na mwaka, basi. Aliishi kwa jasho la nani? Aliwataka wasemaji wamfanyie nini? Nani alithubutu kumsahihisha?

Wenzangu watasema: tukiwachuja hivyo, mashahidi watakwisha. Hapana. Ukimtupa Wynn, kisa chenyewe kinapotea naye. Tumsikilize, lakini tuseme alikuwa amekaa wapi alipokuwa akisema.

Naomba kila kazi ya mwanafunzi wa lugha za Kiafrika iwe na aya moja juu ya mwandishi wa kila chanzo cha zamani: mali yake, cheo chake, na haja yake kwa wasemaji. Bila aya hiyo, mpangaji atabaki akielezwa na mwenye shamba, nasi tutaiita sayansi.