HEWA YA PWANI IPIMWE

Upepo wa kusi unapovuma, hewa ya Dar es Salaam huelekea kaskazini, ikapita Tegeta, Bunju na Mapinga, mpaka Bagamoyo. Ndugu zetu wa pwani hiyo wasidhani, basi, ya kuwa moshi wa jiji ni taabu ya watu wa jiji peke yao.

Hatusemi habari ya vumbi jekundu linalochafua nguo. Hilo laonekana, na sehemu yake kubwa hunaswa puani. Tunasema habari ya chembe ndogo mno, hata ukizipanga ishirini safu moja hazizidi unene wa unywele. Leso haizizuii. Hushuka mpaka ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia katika damu. Zitokapo katika tanuru la kuyeyushia betri kuukuu za magari, au katika takataka zinazochomwa uani, huweza kubeba risasi, kadimi na aseniki. Kadimi huharibu figo. Aseniki huleta saratani. Risasi hukaa mifupani miaka mingi na humharibu mtoto ubongo kabla hajajua kusoma. Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiasi chake kijulikanacho kuwa salama.

Atakaye ushahidi na atazame Mombasa. Katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza kazi mwaka 2007, jirani kabisa na nyumba za watu. Watu wakaugua, watoto wakapimwa damu ikaonekana risasi. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Wakazi, pamoja na mama Phyllis Omido, walikwenda mahakamani. Mwaka 2020 wakapewa fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, wakanyang'anywa katika rufaa, Mahakama ya Juu ikawarudishia mwaka 2024. Miaka kumi tangu tanuru kuzimwa! Mtoto aliyekuwa akinyonya siku ile sasa yuko darasani.

Wala mtu asituambie kuwa haiwezekani. Nchi za Afrika kusini ya Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuacha petroli yenye risasi, na mwanzoni mwa 2006 ilikuwa imekwisha kuondolewa.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yampa kila mkazi wa Tanzania haki ya mazingira safi na salama. Kwa hiyo twataka Baraza la Taifa la mazingira, NEMC, lipime hewa ya Tegeta, Mapinga na Bagamoyo mjini, majira ya kusi na ya kaskazi. Lisipime uzito wa vumbi tu, bali na madini yaliyomo, na matokeo yabandikwe kwa Kiswahili katika ofisi za kata. Na kiwanda cha betri kinapoombewa kibali, wenyeji waulizwe kabla ya msingi kuchimbwa. Wanachama mliomo katika mabaraza ya madiwani, jambo hili liingizeni katika kikao kijacho.