Amepata 68, Ijumaa hachezi

Mzazi mwenye mtoto anayecheza mpira katika shule za sekondari za Texas, Marekani, anaweza kuipokea habari hii jikoni, jioni, bila maandalizi yoyote. Kijana anaingia, anatupa begi kwenye kochi, anasema kwa sauti ya chini: "Mama, Ijumaa sichezi. Kemia nimepata 68."

Mama akitoka Kigoma au Moshi hataelewa haraka. Kwenye mtihani wa kidato cha nne Tanzania, 68 ni B, alama ya kupigiwa makofi. Texas 68 ni kufeli, kwa sababu mstari umechorwa kwenye 70. Anayefeli somo hata moja kipindi cha alama kinapofungwa, anakaa nje ya mechi kwa wiki tatu zisizopungua. Kocha hana la kufanya hata kama kijana ndiye mfungaji bora.

Sheria hiyo ni ya mwaka 1984. Texas ilikuwa inapanga upya elimu yake, na kamati iliyoongozwa na tajiri wa kompyuta, Ross Perot, ililalamika kwamba shughuli za nje ya darasa zimemeza muda wa masomo. Bunge la jimbo likapitisha kanuni ambayo watu wa huko wanaijua kwa maneno machache: hujafaulu, huchezi. Haikugusa mpira peke yake. Bendi ya shule imo, hata mashindano ya wanafunzi kuonyesha mifugo yamo.

Mwanzoni adhabu ilikuwa wiki sita. Wazazi walienda mahakamani, na mwaka 1985 Mahakama Kuu ya juu kabisa ya jimbo ikasema kushiriki michezo ya shule si haki ya msingi ya mtoto. Gavana aliyeisaini, Mark White, alishindwa uchaguzi wa 1986, na wengi huitaja kanuni hii miongoni mwa sababu. Mwaka 1995 makali yakapunguzwa: wiki zikawa tatu, na mwanafunzi akaruhusiwa kufanya mazoezi na wenzake ingawa mechi hachezi.

Ukiona sheria hiyo ni ya kikatili, mkumbuke Dexter Manley. Alikulia Houston, humo humo Texas, akasoma sekondari huko, akaenda Chuo Kikuu cha Oklahoma State kucheza mpira wa Kimarekani, kisha akaingia ligi ya kulipwa na kutwaa ubingwa mara mbili na timu ya Washington. Mwaka 1989 alikaa mbele ya maseneta na kueleza, huku machozi yakimlenga, kwamba alipita shule zote hizo bila kujua kusoma. Alijifunza akiwa mtu mzima, tayari ni nyota. Kila ngazi ilikuwa na mwalimu aliyeona na timu iliyomhitaji. Kanuni ya alama iliwekwa kwa ajili ya watoto kama yeye, wale ambao shule inawatumia miguu na mabega halafu inawasahau.

Lakini kanuni hiyo hiyo inaweza kumtoa uwanjani mtoto ambaye mazoezi ndiyo yanayomfanya aamke asubuhi kwenda shule. Watetezi wa michezo hupenda kusema wanafunzi wanaocheza wana alama nzuri kuliko wasiocheza, na mara nyingi ni kweli. Ila ukiwaondoa wote waliofeli kwenye timu, ukawahesabu waliobaki, utashangaa vipi kwamba waliobaki wamefaulu?

Sasa turudi jikoni. Jambo la kwanza ambalo wazazi wengi hulikosea ni kuongeza adhabu juu ya adhabu: "Na mazoezini usiende tena!" Sheria ya Texas inamwachia mazoezi kwa makusudi. Akiendelea nayo atabaki karibu na kocha anayemuuliza kila siku amefikia wapi na kemia, na karibu na wenzake ambao wengine wanaielewa kemia hiyo vizuri. Ukimkatia na hayo, ile saa tisa hadi saa kumi na moja ataipeleka kwenye simu.

La pili ni kutazama tarehe. Alama zikifungwa, zuio halianzi siku hiyo hiyo. Kuna siku saba katikati. Baada ya wiki tatu walimu huangalia tena, na kijana hurudi uwanjani ikiwa wakati huo anafaulu masomo yote, si kemia tu. Hapo ndipo wengine huangukia. Anakazana na kemia wiki tatu, historia inateremka hadi 66, anabaki benchi. Mwombe mtoto akufungulie ukurasa wa alama kwenye simu, mwangalie pamoja. Mara nyingi utakuta hakufeli mtihani wowote. Kuna sifuri nne za kazi ambazo hazikukabidhiwa.

Sifuri hizo ndizo zinazostahili maswali. Kwa nini hakukabidhi?

Pengine ni usingizi. Wataalamu wa usingizi Marekani wanapendekeza vijana wa miaka 13 hadi 18 walale saa 8 hadi 10 kwa siku. Piga hesabu ya mchezaji: mazoezi yanaisha jioni, basi, chakula, kuoga, kumsaidia mdogo wake kazi za shule, na ikifika saa nne usiku ndiyo anafungua daftari. Asubuhi basi la shule linapita kabla jua halijatoka. Ubongo wa kijana nao una saa yake. Katika umri huu usingizi huja kwa kuchelewa, hata ukimwamuru alale saa mbili atakodoa macho. California imeliona hili, na tangu 2022 sheria inazuia shule nyingi za sekondari za huko kuanza kabla ya saa 2:30 asubuhi. Mahali pengine mzazi anabaki na kidogo anachoweza: simu ilale sebuleni, na vinywaji vya kuongeza nguvu visiingie nyumbani. Kijana anayevinywa jioni ili amalizie kazi ya shule anaiba usiku wake mwenyewe.

Pengine ni kichwa. Hili linahitaji macho makali, kwa sababu halionekani kama jeraha. Mchezaji amegongana kichwa na mwenzake wakirukia mpira, akainuka, akamaliza mechi. Wiki mbili zinazofuata anasema mwanga wa darasani unamsumbua, anasoma ukurasa mmoja mara tatu, amekuwa mkali kwa wadogo zake. Nyumbani anaitwa mvivu. Huo unaweza kuwa mtikisiko wa ubongo, na hauhitaji mtu azimie ndipo uwepo. Mtoto aliyegongwa atolewe mchezoni palepale, aonwe na mtaalamu wa afya, apumzike siku moja au mbili, kisha arudi kwenye shughuli taratibu. Darasa linatangulia, uwanja unafuata. Akitapika mara kwa mara, akichanganya maneno, akipatwa na degedege au maumivu yakizidi, hiyo ni ya hospitali usiku huo huo.

Jimbo la Washington lilipitisha sheria ya kuwalinda wachezaji wa namna hii mwaka 2009, na majimbo mengine yote yakafuata. Kinachosahaulika ni upande wa masomo. Barua ya daktari haiishii kwa kocha. Impeleke na mwalimu, ili kazi zipunguzwe na mitihani isogezwe. Bila barua hiyo, wiki mbili za kichwa kuuma zinageuka sifuri, sifuri zinageuka 68, na kijana aliyeumia akiichezea shule anafungiwa na shule.

Na pengine ni shida ya kusoma iliyokuwepo tangu darasa la pili. Mzazi ana haki ya kuiandikia shule ya umma barua kuomba mtoto apimwe, bila malipo. Akikutwa na ulemavu wa kujifunza, Texas humpima kufaulu kwake kwa mpango wake binafsi. Waliotoka kwetu huogopa neno "ulemavu" likiandikwa kwenye faili.

Kikao cha shule kikiitishwa, omba mkalimani. Shule zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kuzungumza na mzazi kwa lugha anayoielewa. Usimtumie kijana mwenyewe kukutafsiria. Mwalimu atasema dakika tano, yeye atakuambia, "Anasema niko vizuri, ila niongeze bidii kidogo."

Kuhama nako kuna hesabu yake, maana kila jimbo lina kanuni zake. California hutazama wastani wa 2.0 kati ya 4.0, na shule zinaweza kumpa aliyeteleza muhula mmoja wa kujirekebisha. Familia inayohama katikati ya mwaka iulize kabla ya kununua njumu mpya.

Kisha liko lango la chuo, na hili linawahusu hata wazazi walioko Eldoret au Arusha wenye binti anayekimbia. Njia ya riadha kwenda vyuo vya Marekani ni ya zamani kwetu: Suleiman Nyambui alipita Chuo Kikuu cha Texas, El Paso, na mwaka 1980 akailetea Tanzania medali ya fedha ya mita 5,000 Moscow. Siku hizi anayetaka kushindana daraja la kwanza la chama cha michezo ya vyuo, NCAA, lazima awe na masomo 16 ya msingi ya sekondari kwa wastani wa 2.3. Kumi kati ya hayo yawe yamekamilika kabla ya mwaka wa mwisho kuanza, na saba kati ya kumi yawe ya Kiingereza, hesabu au sayansi. Alama za hayo kumi zikishafungwa, kurudia somo hakuzibadilishi. Mtihani wa SAT uliondolewa kwenye masharti ya NCAA mwaka 2023, na wazazi wakapumua, lakini uzito wote sasa uko kwenye alama za darasani. Wanaotoka nje hukaguliwa matokeo kuanzia mwaka wa tisa wa masomo, ambao kwa Kenya ya 8-4-4 ndio kidato cha kwanza.

Kijana anaweza basi kuwa halali kila Ijumaa kwa miaka minne, akapata cheti, na chuo kikamkataa kwa sababu masomo yake mawili hayamo kwenye orodha ya NCAA. Orodha ya kila shule iko mtandaoni. Nenda na mtoto kwa mshauri wa masomo akiwa darasa la tisa, uliza somo kwa somo, na kama yuko kwenye madarasa ya Kiingereza ya wageni uliza hilo mara mbili.

Yule wa 68 leo ana kazi nne za kemia. Mwalimu akikubali kuzipokea kwa kuchelewa, mbili zinatosha kumvusha. Aanze baada ya kula, na simu ibaki sebuleni.