Sehemu ya 6: Shokapu za gari, tufunge wenyewe au tumlipe fundi?

Wamama wenzangu, leo nesi anaongea gari, msishangae. Baba watoto kanunua shokapu pale Gerezani, anasema hela ya ufundi ya nini, jeki ipo, spana zipo, na YouTube inaonyesha kila kitu.

Mimi nasema kubana matumizi ni vizuri, ila hapa msibane.

Kwenye gari ndogo nyingi tunazotumia, kama IST, shokapu ya mbele imezungukwa na springi iliyobanwa kwa nguvu nyingi muda wote. Ukifungua nati ya juu kabla ya kuibana kwa kifaa chake, inafyatuka. Ikikupata usoni au mkononi, hiyo si kazi ya plasta na Panadol. Jeki nayo ikiteleza, gari linamshukia aliye chini. Na hapa Mchafukoge gari linapoegeshwa ndipo watoto wanapocheza.

Ya kufanya wenyewe yapo. Chungulieni kama shokapu inavuja oili. Bonyezeni kona ya gari muachie: ikiendelea kudundadunda, imechoka. Nunueni spea wenyewe, mbili kwa pamoja, kushoto na kulia.

Kufunga, mpeni fundi. Kwanza awaonyeshe kifaa cha kubania springi. Akisema atafunga kwa waya, ondokeni. Bei mkubaliane kabla hajashika spana.

Hela ya fundi inauma siku moja. Mkono wa baba ukiharibika, nyumba nzima inaumia miezi. Kwenu mnafanyaje?