Tujue Kwanza Namna Nyaya Zinavyosemezana

Katika gazeti letu la muhula uliopita tulisoma habari za Chama cha Elektroniki na kile chombo walichokitengeneza cha kuandika saa ambazo pampu ya maji ya shule inafanya kazi. Wengi walikisifu, nami nakisifu. Lakini nina neno juu ya namna tunavyojifunza kazi hiyo chamani, na naomba wasomaji wanivumilie, kwa maana jambo lenyewe lahitaji kuelezwa kabla ya kubishaniwa.

Ndani ya chombo kama hicho mna chipu tatu: moja ni bongo, ya pili ni saa, ya tatu husikia mtikisiko. Chipu hizi hazina budi kusemezana. Zingeweza kutumia nyaya nane kwa pamoja, lakini nyaya nyingi ni gharama na ni fujo. Kwa hiyo hupeleka habari biti moja baada ya nyingine, kama wanafunzi watokao bwenini kwa mlango mwembamba. Ili msikiaji ajue biti ipi ni ipi, pamewekwa kanuni, nazo huitwa itifaki. Tunazokutana nazo zaidi ni tatu: UART, SPI na I2C.

Sasa, desturi ya chama chetu ni hii. Mwanachama hutafuta programu iliyokwisha kuandikwa na wengine, huunganisha nyaya kwa kufuata rangi za picha, kisha hubonyeza kitufe. Kikifanya kazi, twapiga makofi. Kisipofanya kazi, twasema chipu imekufa, na fedha za chama zatumika kununua nyingine. Maoni yangu ni kwamba desturi hiyo yatufanya wateja wa vitu badala ya mafundi wake.

Nitatoa mfano wa chombo hicho hicho cha pampu. Saa yake ni DS3231, na kisikia-mtikisiko chake ni MPU-6050. Kila kimoja peke yake kilifanya kazi vizuri. Vilipowekwa pamoja kwenye nyaya mbili za I2C, tarehe zikawa za ajabu na mtikisiko ukaonekana hata pampu ilipolala. Ilisemwa chipu zote mbili zimeharibika, na zilibaki kidogo tu kutupwa.

Hazikuwa na ubaya wowote. Katika I2C bongo huita jina kama mwalimu aitavyo mahudhurio, na jina hilo ni namba ya biti saba. Aitwaye huitikia kwa kuushusha waya katika biti ya tisa. Ndiyo "nipo" yake. Biti saba zatoa majina 128, na 16 kati yake yametengwa kwa kazi maalumu, hivyo yabaki 112 kwa chipu zote za dunia. Basi si ajabu wawili kuwa na jina moja. DS3231 huitwa 104, na MPU-6050 nayo huzaliwa na jina hilo hilo 104. Bongo ilipoita, wote wawili waliitika kwa pamoja, kisha wakasema kwa pamoja. Na katika waya huo rezista ndiyo inayoushikilia juu. Kila chipu yaweza kuuvuta chini, hakuna iwezayo kuusukuma juu. Kwa hiyo mmoja akisema 1 na mwenzake akisema 0, hushinda 0, na bongo husikia maneno yaliyochanganyika.

Dawa yake ilikuwa waya mmoja mfupi. Mguu wa MPU-6050 ulioandikwa AD0 ukiunganishwa na umeme wa volti 3.3, jina lageuka kuwa 105. Mwanafunzi ajuaye habari ya majina angeuliza swali hilo siku ya kwanza. Asiyejua hata ubadilishe chipu kumi, zote zitazaliwa 104.

Kwa hiyo nashauri mafunzo yaanze bila kompyuta. Chukua betri, swichi na balbu, na wanafunzi wawili. Balbu ikiwaka ni 1, ikizimika ni 0. Wakati wa kimya balbu huwaka. (Mtu aweza kucheka kwamba kimya ndiyo kuwaka, lakini kuna faida: waya ukikatika hujulikana papo hapo.) Herufi A ni namba 65. Kwa kanuni ya UART msemaji huzima taa kwa sekunde moja kama kubisha hodi, kisha hutoa biti nane akianzia iliyo ndogo, 1 0 0 0 0 0 1 0, kisha huwasha sekunde moja ya kukoma. Hizo ni sekunde kumi kwa herufi moja. Chipu zetu kwa mwendo wa 9600 hupeleka herufi 960 kwa sekunde, lakini mchezo ni ule ule.

Katika zoezi hilo mwanafunzi ataona kwa macho jambo ambalo hakuna picha itakayomfundisha. Kila mmoja ana saa yake mwenyewe. Msikiaji akihesabu upesi au polepole, kosa lakua biti baada ya biti, na likizidi kama sehemu tano katika mia, ile ya mwisho ataisoma isivyo. Ndiyo sababu kila herufi yaanza na hodi yake: wahesabu upya. SPI huondoa taabu hiyo kwa kuwa na waya wa pekee wa mapigo ya saa, nayo ni ya mbio sana, ila haina "nipo"; bongo yaweza kusema na chipu isiyokuwapo na isitambue.

Wapo wasemao muda hautoshi, na wazazi huuliza kama haya yatatoka katika mtihani. Sidhani kama litatoka hata swali moja. Lakini tazameni umri wa kanuni hizi. Mtindo wa hodi na kukoma ulitumika katika mashine za simu za maandishi kabla chipu hazijakuwapo. I2C ilitolewa na Philips ya Uholanzi mwaka 1982, kwa ajili ya chipu za ndani ya televisheni, na ingali ikitumika. Vifaa tununuavyo hubadilika kila mwaka, kanuni zimekaa.

Naomba basi muhula ujao wanachama wapya wafanye zoezi la balbu kwa majuma mawili kabla ya kupewa kompyuta, na kila mmoja achore jina lake kwa biti katika karatasi ya mirabaraba. Betri, swichi na balbu tunazo tayari katika maabara ya fizikia. Mwalimu mlezi wa chama amekubali jambo hili liletwe katika mkutano wa kwanza, na wale wanaolipinga nao waje waseme yao.