Ua wa Ngome na Mwenyeji Aliyefanywa Mvamizi

Hatuna ugomvi na sheria ya kulinda ngome. Kila serikali ina mahali pake pa silaha pasipoingiwa ovyo, na arukaye ua wa kambi hustahili kuulizwa. Tunachokikataa ni ule ujanja wa kikoloni wa kuuchukua ua wa kambi ukazungushiwa nchi nzima, kisha mwenyeji akaitwa mvamizi.

Mfano wake umo katika bahari hii hii yetu. Tarehe 8 Novemba 1965 Uingereza ilivitenga visiwa vya Chagos na Mauritius, iliyokuwa bado koloni lake, na mwaka uliofuata ikakubaliana na Marekani vitumike kwa mahitaji ya ulinzi kwa miaka 50. Kikwazo kikawa watu: wapatao 1,500 au zaidi, wazao wa watumwa na vibarua, watu wa mbata na uvuvi kama sisi. Ndipo Aprili 1971 ikatolewa amri ya uhamiaji: asiye na kibali asiingie wala asibakie, na atakayekaidi aadhibiwe. Amri hiyo haikupita katika bunge lolote. Ilitosha sahihi ya Kamishna mmoja. Mtoto aliyezaliwa pale hakuwa na kibali, wala babu yake aliyezikwa pale hakuwa nacho. Mbwa wao walifungiwa katika banda la kukaushia mbata wakauawa kwa moshi. Kufikia 1973 visiwa vyote vilikuwa vitupu.

Vyote, twasisitiza. Kambi ilijengwa Diego Garcia peke yake. Peros Banhos na Salomon viko mbali nayo zaidi ya kilomita 200, karibu sawa na kutoka Unguja hadi Mombasa. Ni mzinga gani huo ulindwao kwa kumfukuza mvuvi aliye umbali wa namna hiyo? Na mwaka ule ule wa 1971, Desemba, Umoja wa Mataifa ulipitisha azimio la kuifanya Bahari ya Hindi eneo la amani, nchi yetu ikiwa miongoni mwa waliolipigania.

Tarehe 3 Novemba 2000 Mahakama Kuu ya London iliibatilisha amri ile, kwani mamlaka ya kuwatungia watu sheria si mamlaka ya kuwaondoa. Mwaka 2004 katazo likarudishwa kwa amri ya Malkia, tena bila ya bunge. Hata mkataba uliotiwa sahihi tarehe 22 Mei 2025 unairuhusu Mauritius kuwarejesha watu katika visiwa vingine tu. Diego Garcia inabaki ya kambi kwa miaka 99, pamoja na makaburi yaliyomo.

Nchi yetu nayo ina sheria za maeneo ya ulinzi, na nyingine zina asili ya mkoloni. Twawaomba wakuu wetu kila tangazo la eneo la namna hiyo lionyeshe mipaka yake waziwazi, lifike kwa sheha kabla halijafika kwa askari, na njia ya wavuvi na ya makaburini itajwe humo kwa jina.