Jumamosi Usiku Bila Vyama vya Udugu

Mzazi wa Moshi au Arusha ambaye mwanawe amepata ufadhili wa kusoma katika chuo kidogo cha Marekani huuliza mengi kabla ya safari: ada, baridi, chakula, bima ya afya. Ni nadra kuuliza mwanawe atafanya nini Jumamosi saa nne usiku. Swali hilo lina uzito wa kitabibu kuliko linavyoonekana.

Vyuo vinavyohusika ni vile vyenye wanafunzi kati ya elfu moja na elfu tatu hivi, vinavyofundisha fani na sayansi kwa pamoja hadi shahada ya kwanza, na ambavyo wanafunzi wake karibu wote huishi mabwenini. Kwa muda mrefu, starehe za mwisho wa juma katika vingi vya vyuo hivyo zilikuwa mikononi mwa vyama vya udugu vinavyojiita kwa herufi za Kigiriki, desturi iliyoshika mizizi tangu Union College, New York, mwaka 1825. Chama kilikuwa na nyumba, nyumba ilikuwa na sherehe, na sherehe ilikuwa na mlango: aliyealikwa aliingia, asiyealikwa alirudi chumbani. Wanachama wapya walipitishwa katika majaribio ya kudhalilisha, na wako vijana waliopoteza maisha kwa kushurutishwa kunywa pombe kupita kiasi.

Vyuo kadhaa vilichoka. Williams, kilichoko Massachusetts, kilianza kuviondoa vyama hivyo mwaka 1962. Colby na Amherst vikafuata mwaka 1984. Bowdoin kikaamua vivyo hivyo mwaka 1997. Huko Swarthmore, vyama viwili vya mwisho vya wanaume vilivunjika mwaka 2019. Uamuzi huo ulikuwa wa haki. Hata hivyo, anayedhani kwamba kuifunga nyumba ni kuifunga chupa anajidanganya.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1984 iliyabana majimbo kwa fedha za barabara hadi yote yakapandisha umri wa kununua pombe kufikia miaka 21. Wengi wa wanafunzi wa shahada ya kwanza hawajafika umri huo. Kwa hiyo pombe hunywewa chumbani, mlango umefungwa, kwa haraka, na mara nyingi ni pombe kali, kwa kuwa ndiyo rahisi kufichwa. Nafasi ya vyama nayo haikubaki wazi. Katika vyuo kama Williams na Bowdoin takribani theluthi moja ya wanafunzi huchezea timu za chuo, na nyumba wanamoishi wachezaji wa timu moja yaweza kurithi mlango uleule wa zamani, pasipo herufi ukutani.

Hapa mhudumu wa afya ana la kusema. Kinywaji kimoja cha kipimo cha Marekani kina gramu 14 za kileo halisi, na ini huweza kuondoa takribani kinywaji kimoja kwa saa. Mwanamume anayekunywa vitano, au mwanamke anayekunywa vinne, ndani ya saa mbili amekwisha kuingia katika ulevi wa hatari. Kahawa haiharakishi kazi ya ini, wala maji baridi. Kauli inayoua ni ile ya marafiki wema: "Mwacheni alale, ataamka salama." Kileo kilichobaki tumboni huendelea kuingia katika damu hata baada ya mtu kupoteza fahamu, naye aweza kupaliwa na matapishi yake. Asiyeamka anapotikiswa, ambaye ngozi yake imepoa au midomo imegeuka bluu, anayepumua chini ya mara nane kwa dakika au anayekaa sekunde kumi bila kuvuta pumzi, ni mgonjwa wa dharura. Alazwe ubavu, asiachwe peke yake, na gari la wagonjwa liitwe mara moja.

Marafiki hawaiti kwa sababu ya hofu. Kwa mwanafunzi mgeni hofu hiyo ni maradufu, kwani huwaza viza na ufadhili wake. Ndiyo maana vyuo vingi vimeweka kanuni kwamba aliyeomba msaada wa kitabibu, na aliyeombewa, hawataadhibiwa na chuo kwa kosa la kunywa. Wapo wanaolalamika kuwa kanuni hiyo inabembeleza ulevi. Wanapima adhabu na uhai katika mizani moja.

Lakini si kila anayeumia usiku huo amelewa. Yupo asiyekunywa, kwa dini yake au kwa hiari yake tu, katika mji wenye barabara moja ya maduka, theluji imefika magotini na gari hana. Anasikia muziki ghorofa ya juu. Mwaka 2023 Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani, Vivek Murthy, alitoa waraka ulioutaja upweke kuwa tatizo la afya ya jamii. Bweni ni mahali ambapo upweke hufichika kwa urahisi, maana watu wako kila upande.

Chuo kinachowapa wanafunzi juisi na filamu inayokwisha saa tatu usiku hakijafanya lolote, kwa kuwa usiku wenyewe bado haujaanza. Linalofaa ni chakula cha moto saa sita usiku, ukumbi ulio wazi kwa kila mtu, na mipango inayotungwa na wanafunzi wenyewe. Bowdoin kilizigeuza nyumba kuwa za wanafunzi wote. Williams huwaweka wanafunzi wa mwaka wa tatu waishi na wale wa mwaka wa kwanza. Na Ijumaa moja ya Oktoba kengele hulia, masomo yakafutwa, chuo kikapanda mlima.

Kabla ya kuondoka, kijana wa Moshi atapeleka fomu ya chuo kwa daktari ili apimwe na chanjo zake ziandikwe. Daktari akishagonga muhuri, amwombe kijana akae dakika tano zaidi. Amweleze dalili zile za dharura, kisha amtake atafute kanuni ya msamaha ya chuo chake na aisome kabla ya Jumamosi ya kwanza.